Tiba ya Tezi Dume kwa Ultrasaundi ya Kulenga: Usalama Wake na Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Matangazo yanayonadi tiba ya tezi dume kwa mawimbi ya sauti hurudia maneno matatu karibu kila mara: bila kisu, bila damu, bila mionzi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yana nguvu. Mzee aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume, na ambaye amemwona jirani akirudi kutoka hospitali bila uwezo wa kuzuia mkojo, huyapokea kama habari njema. Makala haya tumemwandikia yeye pamoja na watoto wake, kwa kuwa mara nyingi watoto ndio wanaotafuta taarifa kwenye simu, ndio wanaochangishana fedha, na ndio wanaosimama kando ya kitanda wakati wa kutia sahihi.

Tumeyaandika tukiwa na wakazi wa Akheri na vijiji jirani vya mteremko wa Mlima Meru akilini. Huko familia nyingi zinategemea shamba dogo la kahawa na migomba, ng'ombe wachache zizini, na kile kinachopatikana siku za soko la Tengeru. Tiba ya gharama kubwa, hasa ya nje ya nchi, hulipiwa kwa kuuza kitu, na kitu chenye thamani ya kutosha aghalabu ni ardhi. Kihamba kikishauzwa hakirudi. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba swali la usalama lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kama tiba hii inaweza kumdhuru mgonjwa. Upande wa pili ni kama inamfaa mgonjwa huyu, kwa ugonjwa alio nao, katika hatua uliyofikia. Matangazo hujibu upande wa kwanza kwa sauti kubwa na upande wa pili huuacha.

Mawimbi yanayochoma

Ultrasaundi ni sauti yenye mtetemo wa kasi kupita kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Si mionzi. Vifaa vya eksirei, vya CT na vya tiba ya mionzi vinaangaliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mashine ya ultrasaundi ni kifaa tiba, na ubora na usalama wake viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyojulikana hadi mwaka 2019 kama Mamlaka ya Chakula na Dawa. Anayesema kwamba tiba hii haina mionzi anasema kweli.

Ni mawimbi ya aina ileile yanayotumika kumpima mama mjamzito, lakini kwa nguvu tofauti kabisa. Katika kipimo cha mjamzito mawimbi hupita kwa upole na kurudi na picha. Katika tiba hukusanywa mahali pamoja, kama mtoto anavyokusanya miale ya jua kwa kioo cha kukuza mpaka jani kavu likatoa moshi. Mahali hapo yanapokutana, nguvu yake huizidi ile ya kipimo cha kawaida kwa zaidi ya mara elfu moja, na joto hupanda ndani ya sekunde chache kupita nyuzi 60, na katika baadhi ya mashine kupita nyuzi 80. Kwa kulinganisha, maji ya chai jikoni Akheri huchemka yakikaribia nyuzi 95 tu, kwa sababu ya mwinuko wetu kutoka usawa wa bahari. Nyama iliyo kwenye shabaha hufa, na iliyo milimita chache kando hubaki hai. Kila pigo huunguza sehemu ndogo inayokaribia ukubwa wa punje ya mchele, nalo hurudiwa mara nyingi, punje kwa punje, mpaka eneo lililokusudiwa liishe.

Wazo hili si jipya. Watafiti wa Marekani waliandika kuhusu kuunguza nyama kwa mawimbi yaliyokusanywa tangu mwaka 1942, na katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa familia ya Fry, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walilijaribu kwenye ubongo. Kwenye tezi dume lilianza kutumika kwa wagonjwa katika miaka ya 1990, Ufaransa ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza. Madaktari huiita tiba hii kwa kifupi HIFU, na jina hilo ndilo msomaji atakalolikuta kwenye vipeperushi.

"Bila kisu" haina maana ya "bila kuingia mwilini"

Tezi dume ipo chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya njia ya haja kubwa, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Ili mawimbi yaifikie vizuri, kifaa chenye umbo la kidole kinene huingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Zipo pia mashine za aina nyingine ambazo kifaa chake hupitishwa kwenye mrija wa mkojo huku mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya MRI. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu matangazo hulipita kimya, na kwa sababu mzee ana haki ya kulijua akiwa nyumbani kwake, akiwa na muda wa kulitafakari, badala ya kulijua akiwa amekwisha kuvalishwa nguo za chumba cha upasuaji.

Kabla ya tiba utumbo wa chini husafishwa. Mgonjwa hupewa ganzi ya mgongoni au hulazwa usingizi wa dawa, kwani mtu akijisogeza hata kidogo shabaha huhama. Maji baridi huzungushwa ndani ya kifaa muda wote ili ukuta wa njia ya haja kubwa, ulio milimita chache tu kutoka kwenye tezi, usiungue. Kazi yote huchukua takriban saa moja hadi tatu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, lakini hurudi na mpira wa mkojo, kwa sababu tezi iliyochomwa huvimba na kuubana mrija. Mpira huo hukaa siku kadhaa, na kwa wengine wiki moja au mbili. Katika siku zinazofuata si ajabu kuona damu kidogo na vipande vya nyama iliyokufa kwenye mkojo.

Madhara yanayojulikana

Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wanaume 625 waliotibiwa kwa njia hii katika hospitali kadhaa za nchi hiyo, kila mmoja akichomwa sehemu yenye saratani tu badala ya tezi nzima, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Wapatao 98 katika kila 100 hawakuhitaji kuvaa pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo. Upungufu wa nguvu za kiume ulijitokeza kwa takriban 15 katika kila 100. Wanaume wawili kati ya wote 625 walipata fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na mrija wa mkojo. Kwa ugonjwa ambao upasuaji wake mkubwa huwaacha wengi zaidi na matatizo hayo, takwimu hizi ni nzuri, na hatuoni sababu ya kuzidunisha.

Hata hivyo zisomwe kwa uangalifu. Zinawahusu wanaume waliochaguliwa, wenye saratani iliyogunduliwa mapema, waliopigwa picha za MRI na kuchukuliwa vinyama kabla ya tiba, mikononi mwa madaktari waliokwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Kliniki inayonunua mashine ya aina ileile hainunui takwimu hizo pamoja nayo. Vilevile tezi ikichomwa yote badala ya sehemu, au tiba ikirudiwa kwa sababu ya kwanza haikutosha, uwezekano wa madhara huongezeka. Aliyewahi kupata tiba ya mionzi kwenye tezi yumo katika hatari kubwa zaidi ya fistula, kwani nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa shida. Neno fistula katika nchi yetu limezoeleka kwa akina mama waliopata uchungu wa muda mrefu. Wanaume wengi hushangaa kusikia kwamba linaweza kuwahusu. Madhara mengine ni maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu na uvimbe wa korodani, mkojo kuziba ghafla mpira ukishaondolewa, na mrija wa mkojo kusinyaa kwa kovu miezi kadhaa baadaye. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, kwa maana hutokea wakati mgonjwa amekwisha kujihesabu mzima.

Kibali kilitolewa kwa ajili ya nini?

Hapa tungependa msomaji asimame kidogo, kwa kuwa ni jambo la kazi yetu sisi wadhibiti, na ndilo linalopotoshwa kwa urahisi kuliko yote.

Kipeperushi kikisema kwamba mashine "imeidhinishwa Marekani", sentensi hiyo inaweza kuwa kweli na bado ikampotosha anayeisoma. Mwaka 2014 kamati za wataalamu wanaoishauri mamlaka ya udhibiti ya Marekani zilipitia maombi ya mashine mbili, Ablatherm na Sonablate, zilizotaka kutambuliwa kama tiba ya saratani ya tezi dume. Kamati hizo hazikuridhika na ushahidi ulioletwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2015, mamlaka hiyo iliiruhusu Sonablate kwa maneno mengine: kuunguza nyama ya tezi dume. Ablatherm ilifuata mwaka huohuo. Maneno "kutibu saratani" hayakuwamo katika ruhusa hizo.

Mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi, ikiwa saratani imo ndani ya nyama hiyohiyo. Tofauti ni kubwa. Kuthibitisha kwamba mashine inaunguza nyama iliyolengwa, bila kuunguza isiyolengwa, ni kazi ya miezi. Kuthibitisha kwamba mtu aliyetibiwa kwa mashine hiyo ataishi miaka 10 au 15 bila saratani kurudi ni kazi ya miaka 10 au 15, tena kwa kumlinganisha na aliyefanyiwa upasuaji au aliyepigwa mionzi. Kibali cha Marekani kilisimama kwenye lile la kwanza. Uingereza nayo, katika mwongozo wa Aprili 2012 wa taasisi yake inayotathmini tiba, ilisema kwamba tiba ya kuchoma sehemu ya tezi haikuonyesha tatizo kubwa la usalama, lakini ushahidi wa ufanisi wake ulikuwa bado mchache. Kwa maneno ya nyumbani: hatuoni kwamba inaumiza sana, ila hatujaona vya kutosha kwamba inaponya kwa muda mrefu. Utafiti umeendelea tangu wakati huo na sura imekuwa ya kutia moyo zaidi, lakini tofauti ya maneno kwenye kibali inabaki, na muuzaji mwaminifu ataieleza bila kushikwa mkono.

Inamfaa nani?

Tiba hii huchoma palipolengwa na si pengine. Basi humfaa mtu ambaye saratani yake imo ndani ya tezi tu, inaonekana kwenye picha ya MRI, na imethibitishwa kwa kinyama kilichopimwa maabara. Tezi kubwa mno, yenye chembe nyingi za chokaa, au yenye uvimbe ulio mbele mbali na kifaa, huyazuia mawimbi yasifike inavyotakiwa. Aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya haja kubwa, au mwenye ugonjwa mahali hapo, huenda asifae kabisa.

Saratani ikishatoka nje ya tezi, kuichoma tezi hakuigusi ile iliyokwisha kusambaa. Hapa ndipo penye uchungu kwa mkoa wetu na kwa taifa kwa jumla. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na wengi hufika hospitali wamechelewa, baada ya maumivu ya mgongo na nyonga yaliyodhaniwa kuwa ya uzee na ya kubeba mizigo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo zipo tiba zinazosaidia, na zinapatikana nchini: sindano au vidonge vya kushusha homoni ya kiume, upasuaji mdogo wa kuondoa korodani ambao hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo zaidi, na mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Tunajua kwamba neno "kuondoa korodani" ni zito kulitamka mbele ya wazee, na kwamba "mawimbi ya sauti" yanasikika kwa upole. Lakini kuuza shamba ili kumchoma tezi mtu ambaye saratani imo mifupani ni kumpotezea fedha na miezi ambayo ilikuwa bado mali yake.

Kuna na upande wa pili. Wanaume wengi wanaoamka mara nne usiku kwenda haja ndogo hawana saratani. Wana uvimbe wa kawaida wa tezi unaokuja na umri. Kwao HIFU ilijaribiwa katika miaka ya 1990 na haikushika, kwa sababu vidonge, na pale inapobidi kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, vilifanya kazi vizuri zaidi. Anayetaka kumchoma mzee tezi bila kipimo cha kinyama, kwa kutegemea damu ya PSA peke yake, aulizwe anachoma nini.

Na hata aliyegundulika mapema hana haja ya kukimbizwa. Uingereza iliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba takriban 97 katika kila 100 hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, kundi lolote walilokuwamo. Wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, nao walikuwa wachache mno katika utafiti huo, kwa hiyo hatusemi mzee wa Akheri akae asifanye lolote. Tunasema kwamba wiki kadhaa za kutafuta ushauri wa pili hazitamgharimu maisha, na kliniki inayompa punguzo la bei mpaka Ijumaa haina sababu ya kitabibu ya kufanya hivyo.

Wengi wa mkoa huu wanakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Hatulikumbushi hilo ili kumcheka mtu. Waliokwenda walikuwa na akili zao timamu na walikuwa na maumivu. Kilichowapeleka ni ushuhuda wa watu waliowafahamu. Wapo walioacha dawa zao wakitegemea kikombe, na baadhi hawakupata nafasi ya kuzirudia. Mashine ya mawimbi si kikombe, ina sayansi nyuma yake, lakini ushuhuda unaoinadi una udhaifu uleule. Saratani ya tezi dume hutembea polepole. Mtu anayesema kwenye video kwamba amepona miezi mitatu baada ya tiba angeweza kujisikia hivyohivyo hata kama asingetibiwa.

Kabla ya kulipa

Kwa tiba itolewayo ndani ya nchi, mgonjwa anaweza kuuliza mambo matatu na kuonyeshwa karatasi: usajili wa kifaa kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usajili wa kituo kutoka Wizara ya Afya, na usajili wa daktari kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Kimoja hakisimami badala ya kingine. Tangazo la kifaa tiba kwa umma nalo linahitaji kibali. Kwa tiba ya nje, mamlaka yetu inaishia mpakani, na mgonjwa inambidi aulize mwenyewe: jina la mashine, kibali chake kinasema kwa maneno gani, daktari atakayeishika ameitumia kwa wagonjwa wangapi, na wangapi kati yao walirudia tiba.

Kuhusu gharama, bei inayotajwa kwenye tangazo kwa kawaida ni ya siku ya tiba tu. Waulizeni kama MRI na kinyama vimo, na mpira wa mkojo ukiziba nani atalipa. Zaidi ya hayo, aliyechomwa sehemu ya tezi hubaki na sehemu nyingine, na PSA yake haitashuka mpaka sifuri. Atahitaji kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, na kupigwa MRI au kuchukuliwa kinyama upya baada ya mwaka hivi. Nauli za safari hizo zihesabiwe sasa, wakati shamba bado halijauzwa.

Kabla ya yote hayo, mzee aanze na kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na ikilazimu KCMC mjini Moshi, kilomita zipatazo 80 kutoka Arusha mjini, ambako madaktari bingwa wa njia ya mkojo hutibu na kufundishwa. Aende na majibu yake ya PSA na ya kinyama, na kipeperushi cha kliniki pia akibebe. Daktari asiyeuza tiba hiyo ndiye afaaye kuulizwa kama inamfaa.

Aliyekwisha kutibiwa atunze karatasi yenye jina na namba ya mashine pamoja na tarehe ya tiba. Akipata homa yenye kutetemeka, mkojo ukiziba, hewa au uchafu ukitoka na mkojo, au mkojo ukipitia njia ya haja kubwa, aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuwasiliana na kliniki iliyomtibu. Baada ya kuhudumiwa, yeye au ndugu yake atoe taarifa ya madhara ya kifaa tiba katika ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, au kupitia kituo cha afya. Taarifa hupokelewa hata kama tiba ilifanyika nje ya nchi, na hata kama mgonjwa hana uhakika kwamba mashine ndiyo iliyosababisha.